Kaka, kokoto ziweke, ila siyo uwanja mzima

Wiki hii nilitaka kuandika kuhusu bumu kuchelewa, lakini naona kila mtu ameshaliandika hilo na kelele zetu hazijalifanya liwahi hata siku moja. Kwa hiyo leo naleta hoja ya kwetu Rungwe: hoja ya kokoto. Usicheke, soma kwanza.

Hali iko hivi. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Dar. Ndiye aliyemwezekea mama bati jipya, na ndiye anayenimalizia ada pale mkopo usipofika. Sasa amepata fundi pale Tukuyu mjini, anataka mbele ya nyumba yetu pote, kuanzia kibarazani mpaka barabarani, pafyekwe, pasawazishwe, itandikwe nailoni nyeusi, halafu zimwagwe kokoto nyeupe za mapambo. Ametutumia na picha WhatsApp: nyumba fulani ya huko huko Dar, kokoto zinang'aa kama chumvi, katikati mti mmoja kwenye chungu. Mama amemjibu "asante sana mwanangu". Halafu akanipigia mimi pembeni: migomba yake je? Na maharage ataanika wapi?

Mama hawezi kumkatalia kaka. Mtu aliyekuwekea bati utamwambiaje kokoto zake huzitaki? Na mimi ni mdogo mtu, kwa desturi ningenyamaza. Lakini nasomea ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Jiografia na Hisabati. Jambo lenyewe ni mvua, udongo na hesabu ya eneo. Nikinyamaza hapo, darasani nitakwenda kusema nini? Kaka, najua huwa unapita hapa. Shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Niseme wazi kwamba sipingi kokoto. Anayepinga kokoto Rungwe hajawahi kutoka kanisani mwezi wa nne na viatu vyeupe. Kwetu tope siyo mchezo. Linashika kiatu, linaingia sebuleni, linapanda mpaka kwenye kochi, na wazee wanateleza. Kumwekea mama njia kavu ya kutoka barabarani hadi mlangoni ni jambo jema kabisa, na wazo hilo la kaka ni la upendo. Ugomvi wangu ni na neno moja tu: "pote".

Tuanze na mvua. Mimi niko Dodoma, na hapa mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Hapa adui ni vumbi. Ukimwaga kokoto mbele ya nyumba yako Dodoma umefanya la maana, vumbi linatulia na maji ya kumwagilia maua unayabania. Rungwe tunapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara tatu. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya mahali pakavu ukikihamishia mahali panaponyesha karibu mwaka mzima, lazima ujiulize maji yatakwenda wapi.

Hebu tupige hesabu, maana ndiyo kazi niliyoisomea. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina paa la kama mita za mraba 80. Ikinyesha milimita 50 kwa siku, na kwetu siku kama hiyo haimshangazi mtu, paa linamwaga lita 4,000. Kama bati lina miteremko miwili, nusu inakuja mbele: lita 2,000, sawa na ndoo kubwa 100 za lita 20. Ndoo mia moja, siku moja, mbele ya mlango wa mama! Na hapo sijaongeza mvua inayoanguka kwenye uwanja wenyewe.

Leo hii maji hayo yanakunywewa na migomba, magimbi na nyasi. Ukitandika nailoni chini ya kokoto, umeyafungia mlango. Yatapita juu ya nailoni, na kwa sababu uwanja wetu una mteremko (nani Rungwe ana uwanja tambarare?), yatabeba kokoto zenyewe kwenda barabarani. Mvua kubwa mbili tatu, kokoto ulizonunua zinakuwa za kijiji kizima.

Halafu kuna hili la weupe. Kwetu jiwe lolote lililokaa nje linaota ukijani. Tazama kuta za nyumba za zamani, tazama makaburi. Na majani yanayodondoka yanaoza haraka katikati ya kokoto, yanageuka udongo, na udongo ukipatikana Rungwe hata kwenye kiganja kitu kinaota. Baada ya mwaka mama atakuwa ameinama anang'oa magugu moja moja kati ya mawe, jembe haliingii, ufagio haupiti. Tutakuwa tumempunguzia kazi au tumemwongezea?

Mlima Rungwe wenyewe ulishawahi kutumwagia kokoto, tena bila fundi. Miaka kama 4,000 iliyopita ulilipuka na kutandaza mawe mepesi ya volkano eneo kubwa la nchi hii ya kwetu. Miamba na majivu ya milima hii, kadiri vilivyooza kwa mvua miaka na miaka, ndivyo vilivyotupa udongo tunaojivunia. Ndizi zinazopakiwa malori kwenda Dar, chai, parachichi, viazi, vyote vimesimama hapo. Wenzetu wengi nchini wananunua mbolea wapate robo ya rutuba tuliyo nayo mbele ya mlango. Sisi tunataka kuifunika kwa nailoni ili tufanane na picha.

Lakini hoja yangu kubwa siyo hata ya udongo. Ni ya uwanja. Kwetu mbele ya nyumba siyo pambo, ni chumba kikubwa kuliko vyote ambacho hakina paa. Hapo ndipo maharage na mahindi yanaanikwa. Hapo watoto wanacheza. Wakija wageni wa posa, benchi zinapangwa hapo. Na ukitokea msiba, mnajua misiba ya kwetu Unyakyusa inavyojaza watu, turubai linafungwa hapo, akina mama wanakaa chini kwenye mikeka na vitenge usiku kucha. Jaribu kukaa juu ya kokoto zenye ncha dakika kumi tu, halafu uniambie kuhusu siku tatu. Siwatakii watu msiba, jamani. Nasema tu kwamba nyumba inajengwa kwa ajili ya siku zote, na siku hizo zipo.

Najua jibu la kaka: "Dunia imebadilika, mdogo wangu, watu wanapendezesha makazi yao." Ni kweli. Na kuna watu wakikuta mgomba mbele ya nyumba wanaona umaskini, wakikuta mawe na chungu wanaona maendeleo. Lakini hao tunaowaiga wenyewe wameanza kushtuka. Uingereza, upande wa England, watu walikuwa wanafunika bustani za mbele kwa zege na lami ili waegeshe magari. Yakaja mafuriko makubwa ya majira ya joto ya 2007. Tangu Oktoba 2008, mwenye nyumba anayetaka kuweka sakafu mpya isiyopitisha maji yenye zaidi ya mita 5 za mraba kwenye bustani yake ya mbele anatakiwa aombe kibali, isipokuwa kama maji ya sakafu hiyo ameyaelekeza kwenye eneo la kwake linaloyanywa. Kokoto zinazopitisha maji zimeruhusiwa. Yaani hata wao hawakukataa kokoto, walichokataa ni kuinyima ardhi maji. Sasa kama wao wamejifunza kwa hasara, sisi tunataka kuanzia pale walipoteleza?

Sasa kukosoa bila kutoa njia ni tabia ya wanafunzi, na mimi nakaribia kuwa mwalimu. Pendekezo langu hili hapa.

Uwanja wetu ni kama mita 12 kwa 10, mita za mraba 120. Kokoto za unene wa sentimita 5 uwanja mzima ni mita za ujazo 6, kama tani 9 za mawe. Badala yake tuweke sehemu tatu tu. Moja, njia ya kutoka barabarani hadi kibarazani, mita 10 kwa 1.2. Mbili, ukanda wa sentimita 60 chini ya upenu, urefu wote wa nyumba, ili maji ya bati yasichimbe msingi na kurusha tope ukutani. Tatu, mahali pa gari la kaka akija Desemba, mita 5 kwa 3. Jumlisha: 12, 6 na 15, unapata mita za mraba 33. Ni zaidi kidogo ya robo ya uwanja, na mawe yanashuka hadi kama tani mbili na nusu.

Nailoni isiwepo. Chini yaanze mawe makubwa yaliyopondwa na kushindiliwa vizuri, hasa pale pa gari, ndipo kokoto zije juu, la sivyo zitazama kwenye udongo laini msimu wa kwanza tu. Pembeni pawe na kingo za mawe zilizochimbiwa ili kokoto zisitembee. Mawe yawe yenye pembe, maana yanashikana. Yale ya duara yanakimbia chini ya mguu na mama siyo kijana tena. Rangi? Hii nyeusi nyeusi ya kwetu inatosha, haioneshi uchafu upesi. Tuwanunulie akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo kandokando ya barabara, hela ibaki hapa hapa. Ila yasiwe ya kuchimbuliwa kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na mito yetu haina mteremko wa kuchezewa.

Hela inayobaki iende kwenye gata na simtanki. Zile ndoo 100 za mvua moja badala ya kuwa tatizo zinakuwa maji ya kufulia. Migomba ibaki upande mmoja, maua ya mama yazunguke kibaraza, na katikati pabaki nyasi fupi, uwanja wa watu. Nawaambia itapendeza kuliko ile picha, kwa sababu itakuwa nyumba ya Rungwe siyo nyumba ya Dar iliyopotea njia.

Kaka, sijakuvunjia heshima. Hela ni yako na moyo wako tunaujua. Ila mtu wa kulala, kuamka, kufagia na kupokea wageni pale ni mama, na yeye hajaulizwa anataka nini, ameoneshwa picha tu. Kumtunza mzazi ni pamoja na kumwachia mahali pa kuanika maharage yake.

Na wewe mdau unayejenga au unayemjengea mzazi, kabla hujaita lori la kokoto, jiulize mbele ya nyumba yenu pana kazi gani na maji yake yanakwenda wapi. Ukishajua hayo mawili, hata fundi hatakudanganya.

Nawasilisha. Narudi kwenye kujisomea, test ni Jumatatu.