Bei ndiyo itakayoamua mwanafunzi atakula nini

RIPOTI iliyotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto (UNICEF) mnamo Septemba 2025 ilibaini kuwa, kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa umri wa miaka mitano hadi 19 walionenepa kupindukia wamewapita kwa idadi wenzao wenye uzani wa chini. Walionenepa ni asilimia 9.4, nao waliokonda ni asilimia 9.2.

Katika nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara, waliokonda bado ndio wengi. Hata hivyo, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Mataifa yaliyotangulia kukabiliana na tatizo hili yaliigeukia mashine inayomtolea mwanafunzi soda au krispi pindi anapotumbukiza sarafu. Ufaransa haikutaka mjadala mrefu. Sheria iliyopitishwa huko 2004 ilizipiga marufuku mashine hizo shuleni kuanzia Septemba 1, 2005.

Marekani nayo iliziacha mashine, ikabadilisha kilichomo ndani. Kufuatia sheria ya lishe ya watoto ya 2010, kanuni zilizoanza kutekelezwa Julai 2014 zinataka kitafunio kinachouzwa wakati wa masomo kisizidi kalori 200. Sukari nayo, kwa kawaida, haifai kuzidi asilimia 35 ya uzani wake. Katika shule za msingi, soda haina nafasi. Wanafunzi huuziwa maji, maziwa na sharubati ya matunda isiyotiwa sukari.

Pingamizi kuu dhidi ya mageuzi hayo lilihusu fedha. Shule nyingi zilitegemea mapato ya mashine kugharimia michezo na ziara, na wakuu wake walihofia kwamba vyakula bora vingedoda.

Hofu hiyo ilikuwa imekwisha kupimwa. Utafiti uliochapishwa 2001, uliofanywa jimboni Minnesota katika shule 12 za sekondari na sehemu 12 za kazi, ulipunguza bei ya vitafunio vyenye mafuta machache vilivyokuwa mashinani. Bei ilipopunguzwa kwa asilimia 10, mauzo yalipanda kwa asilimia tisa. Ilipopunguzwa kwa asilimia 25, yaliongezeka kwa asilimia 39. Na ilipopunguzwa kwa nusu, yalikaribia maradufu. Matangazo ya kuwahimiza wanunuzi yalisaidia kidogo tu. La kutia moyo zaidi ni kwamba faida ya kila mashine haikuathirika.

Funzo hilo linaihusu Kenya moja kwa moja, ingawa mashine hizo ni adimu katika shule zetu. Kwa mwanafunzi wa hapa nchini, mashine ni kantini ya shule na mchuuzi aliye langoni. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya lishe, lakini haki hiyo haina maana iwapo sarafu aliyopewa na mzazi inatosha kununua peremende na krispi, ila haitoshi kununua chungwa na chupa ya maji.

Kupiga marufuku pekee hakutafua dafu. Kantini ikifungwa, mtoto atanunua kwenye ua. Bodi za usimamizi wa shule ndizo zenye uwezo wa kubadili mambo, hasa zinapomkabidhi mfanyabiashara kantini. Badala ya kumtafuta tu atakayelipa kodi kubwa zaidi, mkataba ungemtaka auze ndizi, njugu, maziwa na maji kwa bei nafuu kuliko soda, naye apunguziwe kodi kwa kiasi hicho.

Shule itakayofanya hivyo huenda ikapoteza shilingi chache. Lakini gharama ya kisukari na maradhi ya moyo hulipwa na mzazi, na baadaye taifa zima. Wahenga hawakukosea walipohimiza samaki akunjwe angali mbichi.