SAFU YA MICHEZO: Kiatu cha mbio, mguu ndio unachagua



Sisi waalimu wa kujitolea tunaulizwa sana: "Mwalimu, mtoto anataka kuanza mbio, tumnunulie kiatu gani?" Swali ni la maana, kwa sababu pesa ya kiatu ni ileile ya sabuni na daftari. Ukinunua kibaya, pesa imekwenda na mguu umeumia.

Wengine wanasema peku inatosha, kwani Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli kabisa. Lakini yeye alikuwa amezoea, tena viatu alivyojaribu kule havikumkaa vizuri. Mwaka 1964, kule Tokyo, alishinda tena akiwa amevaa viatu. Huku kwetu njiani kuna misumari na miiba, na minyoo ya safura inaingia kwa kupenya ngozi ya mguu. Kiatu ni kinga.

Ila si kila kiatu. James Nyang Chiengjiek, mkimbizi wa kambi ya Kakuma, Kenya, alikimbia mita 400 kule Rio mwaka 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki. Alieleza kwamba katika mazoezi waliumia sana ju ya viatu visivyofaa, na mwenye jozi mbili alimsaidia asiye nazo.

Basi ukifika kwenye salaula ya Kashikishi, pale kando ya ziwa, angalia haya:

1. Nenda na mtoto mwenyewe, mchana ukiisha, maana mguu unavimba kidogo kutwa nzima. Avae soksi.

2. Namba isikudanganye. 42 ya Ulaya ni karibu na 8 ya Uingereza, na kila kiwanda kina kipimo chake. Mtoto asimame. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na kisigino kisitoke akitembea.

3. Usinunue kikubwa sana eti atakua. Mguu utacheza ndani na kutoa malengelenge; likipasuka linakuwa kidonda.

4. Weka jozi juu ya meza, itazame kwa nyuma. Kama soli imelika upande mmoja, kiache. Bonyeza soli: ikiwa ngumu kama ubao, imechoka. Kikunje: kikunjike penye vidole, si katikati. Gundi ikiachia, rudisha.

5. Jina la kiwanda na rangi viangaliwe mwisho kabisa.

Patapata ni za kwenda kuoga. Ukikimbia nazo vidole vinazishikilia na mguu unateleza.

Anayeanza hahitaji kiatu cha bei kali, na unga wa nyumbani usiuzwe kwa ajili hiyo. Akimbie dakika 1, atembee dakika 2, mpaka zifike 20, siku 3 kwa wiki. Aanzie kwenye udongo mgumu. Mchanga wa ufukweni ni laini, lakini unachosha misuli ya nyuma ya mguu haraka. Kiatu kikilowa mvua, toa kamba, kianike kivulini. Ukikiweka karibu na moto, gundi inaachia.

Wasio na uwezo kwa sasa, msiwafungie watoto nyumbani, wasichana pia. Waje uwanjani. Wenye miguu inayolingana wanaweza kupokezana jozi moja, bora kila mtu avae soksi zake na kiatu kikauke kwanza. Wenzetu wa Kakuma walianza hivyo hivyo.

Tukutane mwezi ujao. Bakini salama.