Mtoto mfupi, usiseme amerithi

Wazazi wengi wakiona mtoto wao amebaki nyuma ya wenzake kwa kimo husema, "Huyu amemfuata babu yake." Huenda ni kweli. Lakini huenda pia babu anasingiziwa bure, na mtoto amedumaa kwa sababu ya chakula anachopewa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Kenya walikuwa wamedumaa. Katika Kaunti ya Kilifi walikuwa 37.

Linalowapotosha wazazi ni kwamba mtoto aliyedumaa si lazima akonde. Hucheza na kucheka kama wengine, na tumbo lake limejaa. Swali ni, limejaa nini?

Mpaka atimize miezi sita, maziwa ya mama pekee humtosha mtoto, bila maji wala uji. Baada ya hapo huhitaji chakula kingine pia. Hapo ndipo akina mama wengi huanza kumpa uji wa mahindi, mwepesi, ili ameze kwa urahisi. Kumbuka tumbo la mtoto ni dogo. Uji kama huo ni maji matupu. Mtoto atashiba na kulala, lakini mwili wake haukupata cha kujengea mifupa na ubongo.

Basi mama, pika uji mzito, usiotiririka kijiko kikiinamishwa. Utie maziwa, tui la nazi au karanga zilizosagwa laini. Mpondee maharagwe, kunde, mchicha, ndizi au parachichi. Mpe yai, au omena waliosagwa. Kuanzia miezi sita mlishe mara mbili au tatu kwa siku; kuanzia miezi tisa, mara tatu au nne. Endelea kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Chai ya rangi usimpe, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha, kwa sababu kuhara mara kwa mara nako hudumaza.

Nawe baba, mayai ya kuku wako yasiishie yote sokoni. Mbakishie mwanao.

Mkienda kliniki, msiridhike na kilo peke yake. Mwombeni muuguzi ampime mtoto urefu pia na kuuandika katika kitabu chake. Mtoto anaweza kuwa na kilo za kuridhisha kwa kimo chake, na bado awe mfupi kuliko umri wake.

Udongo uwahi ungali maji. Baada ya miaka miwili ni vigumu kukirudisha kimo kilichopotea, na hasara hiyo humfuata mtoto hadi darasani.