Nyota akishtakiwa, kipaza sauti huzimwa na nani?

Julai 2009 mwanamke mmoja alimfungulia Ben Roethlisberger, nyota wa futiboli ya Marekani, kesi ya madai katika jimbo la Nevada, akidai kwamba mchezaji huyo alimbaka hotelini mwaka uliotangulia. Miezi mitano nyuma Roethlisberger alikuwa ameipa Pittsburgh Steelers taji la Super Bowl, la pili kwake. Vyombo vingine Marekani viliirusha habari hiyo. ESPN, televisheni kubwa kuliko zote za michezo nchini humo, iliwaagiza watu wake wasiiguse, na ikakaa nayo kimya kabla ya kulegea wiki hiyohiyo. Mchezaji alikana, na mwaka 2012 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na mimi simhukumu. Ninaohoji ni utetezi wa wale walionyamaza, kwa sababu bado unatumika.

Walisema kwanza kwamba hiyo ni kesi ya madai tu, polisi hawana jalada. Hiyo "tu" ndiyo inayonikera. O.J. Simpson, nyota wa zamani wa mchezo huohuo, aliachiwa huru katika kesi ya jinai ya mauaji Oktoba 1995. Februari 1997, katika kesi ya madai iliyohusu vifo vilevile, baraza la wazee wa mahakama lilimwona anawajibika, na jumla ya fidia ikafika dola milioni 33.5. Hakuna aliyesema kesi ile ilikuwa ndogo. Hati ya madai ina namba, ina muhuri wa masjala, ina tarehe, na yeyote anaweza kuiomba aisome. Kuripoti kwamba imefunguliwa si kusema kwamba yaliyomo ni kweli. Halafu tazama upande wa pili wa ukurasa: tetesi za usajili, kila siku, kwa nguvu ya "chanzo cha ndani ya klabu" kisicho na jina wala karatasi. Mchezaji akisemekana kuhama, mnong'ono unatosha. Akishtakiwa, hata muhuri wa mahakama hautoshi.

Pili, eti mchezaji mwenyewe alikuwa hajazungumza hadharani. Lakini wakili wake alikuwa ameshatoa taarifa ya kukana! Na hata asingetoa, ukifuata kanuni hiyo ufunguo wa habari anaushika mtuhumiwa: akifunga mdomo, nawe unafunga kamera. Mwandishi hupiga simu, huacha ujumbe, huandika kwamba alimtafuta na hakumpata, kisha huendelea na kazi. Mwanafunzi wa uandishi wa habari hulijua hilo muhula wa kwanza.

Hoja ya tatu ina uzito, na wanaoipuuza wanakosea. Tuhuma ya uongo humharibia mtu jina, na mfano haukosekani. Mwaka 2006 wachezaji watatu wa lakrosi wa Chuo Kikuu cha Duke walishtakiwa kwa ubakaji. Mwendesha mashtaka, Mike Nifong, alizunguka kwenye vyombo vya habari akizungumza kama mtu aliyekwisha kushinda. Vipimo vya vinasaba vilionyesha wanaume wengine, si wachezaji wale, na matokeo hayo hayakukabidhiwa kwa mawakili wao yakiwa kamili. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa North Carolina, Roy Cooper, alitangaza kwamba vijana hao hawana hatia. Miezi miwili baadaye Nifong akavuliwa uwakili. Aibu kwa magazeti mengi, naam. Lakini yalikosea wapi? Si kwa kuandika kwamba kuna mashtaka. Yalikosea kwa kumeza maneno ya ofisa mmoja bila kuyatafuna, yakaandika "walitenda" palipotakiwa "wanadaiwa". Kimya kisingewasaidia vijana wale. Kilichowasaidia ni watu waliochimba, wakiwemo waandishi.

Fedha je? Tangu 2006 ESPN ilikuwa ikiilipa NFL, ligi anayochezea Roethlisberger wakati huo, takriban dola bilioni 1.1 kwa mwaka ili kuonyesha mechi za Jumatatu usiku. Sidai kwamba kuna mtu wa ligi aliyepiga simu. Pesa za kiasi hicho hazina haja ya kupiga simu.

Ila mara nyingi kinachoziba midomo si mkataba, ni urafiki. Mwaka 2004 mwandishi David Walsh wa gazeti la Sunday Times alishiriki kuandika kitabu kilichomtuhumu mwendesha baiskeli Lance Armstrong kutumia dawa zilizokatazwa. Gazeti lake lilishtakiwa, na mwaka 2006 likakubali kulipa pauni 300,000. Armstrong alikuja kukiri, lakini Januari 2013, mbele ya Oprah Winfrey. Katika Tour de France ya 2004 Walsh alikuwa apande gari moja na waandishi wenzake, kama ilivyo desturi ya mashindano yale. Wakamwambia hawawezi kumchukua: wakionekana naye, kambi ya Armstrong haitawapa tena mahojiano. Wakawasha gari, wakamwacha.