Changu Asiye na Kichwa

Ndugu msomaji, huenda nawe umepata kutoa ahadi kwa furaha, kisha ukaitimiza kwa jasho. Mimi nilimwahidi mama yangu mzazi kwamba siku atakapotimiza miaka 70 nitampeleka kula mahali ambapo yeye hatashika mwiko. Mama huyu alikaanga samaki Temeke kwa miaka zaidi ya 20. Alfajiri alikuwa Feri, pale Magogoni, akifunua matamvua ya samaki kutazama wekundu wake; jioni alikuwa mbele ya karai. Karo yangu ya chuo cha uandishi wa habari ilitoka katika karai hilo.

Jumamosi ya wiki iliyopita, basi, mimi, mke wangu na mama tulikodi teksi hadi Masaki. Tulivuka Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, na mama akamwomba dereva apunguze mwendo ili aitazame bahari. Tulipita Oysterbay, ambayo zama za ukoloni ilikuwa makazi ya Wazungu, na mtu wa Temeke aliingia huko kufua na kupika.

Mgahawa wenyewe, ambao jina lake nalihifadhi, ulikuwa na vitambaa vyeupe mezani na mshumaa mmoja. Mhudumu, kijana mwenye adabu, alimwamkia mama shikamoo kabla hajatukaribisha sisi. Hapo nilimpa alama zote. Kisha ikaja orodha ya vyakula: Kiingereza kitupu toka juu hadi chini, katika jiji ambalo hata ugomvi wa mpira hufanywa kwa Kiswahili!

Nikaanza kumfasiria mama, huku nikiruka bei kwa makusudi. Nilisahau kwamba mama hajui Kiingereza, lakini tarakimu anazijua kuliko mimi. Kidole chake kilikuwa kimekwisha simama penye 45,000.

"Mwanangu, huyu ni samaki gani?"

"Changu, mama."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Akaifunga orodha. "Mimi nimeshiba. Nitakunywa chai."

Msomaji, nilitaka kumwambia kuwa fedha si kitu. Nashukuru ulimi ulinigomea, maana kwa mtu aliyehesabu sarafu za samaki miaka yote ile, neno hilo lingekuwa tusi. Aliyetuokoa ni mke wangu. "Mama," alisema kwa upole, "sisi tumefunga tumbo tangu asubuhi kwa ajili ya usiku huu. Usipokula, nasi hatuli, na nauli ya teksi itakuwa imepotea bure." Hoja ya nauli ilimwingia. Akaifungua orodha tena.

Pweza alitangulia. Alikuwa amechemshwa pole pole hadi akalainika, ndipo akapitishwa juu ya makaa, na ndimu haikufanyiwa ubahili. Mama alitafuna kimya, kisha akatamka: "Aliyempika huyu anajua." Mimi, mwanawe, sijapata kusikia sifa kubwa kuliko hiyo kinywani mwake. Ngisi, ole wake, alikuwa mpira wa baiskeli. Ngisi hutaka moto wa dakika chache au wa muda mrefu sana; ukimwacha katikati hukakamaa. Kamba wa mke wangu walikuwa watamu, ingawa hawakuchukua muda kuhesabiwa. Wali wa nazi mama aliuonja mara moja tu, akausogeza pembeni.

Ndipo akaja changu wa 45,000: kipande safi, cheupe, kisicho na mfupa.

"Kichwa chake kiko wapi?" mama aliuliza.

"Mama, wageni wetu wengi hawapendi kichwa," mhudumu alijibu.

"Sasa nitajuaje kama alikuwa mbichi? Samaki husemwa na macho yake."

Kijana hakucheka. Alikwenda jikoni, akarudi na mpishi, mtu mzima mwenyeji wa Kilwa, anayejifuta mikono. Walizungumza habari za maji makubwa na maji mafu hadi nikahofia wateja wengine watalalamika. Mama alimweleza makosa ya ngisi bila kumvunjia heshima, naye akakiri kuwa alirudishwa motoni mara ya pili kwa sababu ya wingi wa wageni. Kuhusu wali alicheka. "Tui la kopo, mama. Ndivyo nilivyoagizwa."

Hesabu ililetwa: shilingi 167,000. Mimi, kwa kutaka kuonekana mzoefu wa mahali pale, nilikuwa tayari kutoa fedha bila kutazama. Mama akataka asomewe kitu kimoja kimoja. Chupa za maji ziliandikwa tatu nasi tulikunywa mbili, kila moja 6,000. Mhudumu aliomba radhi, akaleta stakabadhi mpya ya 161,000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikiwamo. Nakushauri, msomaji, uombe kusomewa, hata kama umevaa tai.

Tulipokuwa tukiondoka, mpishi alimletea mama kifurushi. Kilikuwa kichwa cha changu, na hakikulipiwa.

Tulilala Temeke. Asubuhi nilimkuta mama jikoni, sufuria iko motoni, ndimu zimekatwa. Kabla ya kukitumbukiza kichwa kile, alikipeleka dirishani penye mwanga, akakitazama macho kwa muda mrefu.

"Hawakutudanganya," akasema, akaniagiza nilete bakuli.