Mshipa wa Juu, Hoja za Juujuu

Hoja zenyewe mmeshazisikia, mtaani na hata kwenye mabenchi ya kliniki: mjamzito akipata mguuni mshipa uliokakamaa kama kamba, mwekundu na unaouma, asihangaike, kwani ni damu iliyoganda kwenye vena ya juu tu. Tuzipime, hukumu ni yenu.

Ya kwanza: donge la hatari ni la vena za ndani, ambalo laweza kung'oka na kuziba mapafu, la juu halina safari. Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Nusu ya pili inasahau kwamba vena za juu zina pa kwenda. Safena kubwa, ambayo ndiyo huathirika mara nyingi, hupanda kutoka kifundo cha mguu hadi kinenani, na hapo humimina damu yake katika vena ya ndani ya paja. Donge likiwa ndani ya sentimita 3 kutoka kwenye makutano hayo, madaktari hulitibu kama la ndani. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2010 ulichukua wagonjwa 844 wenye donge la juu lisilopungua sentimita 5: karibu robo yao walikutwa, wakati wa kupimwa, tayari wana donge la ndani au la mapafu. Ni kweli, walikuwa wagonjwa waliofika kwa mabingwa wa mishipa, na hawakuwa wajawazito pekee. Lakini bila ultrasaundi, anayesema "ni la juu tu" amejuaje?

Ya pili: wengine, wakiona wekundu na joto, huandika antibiotiki. Kwa kawaida hapo hakuna bakteria wa kuua. Tuendelee.

Hoja ya tatu ni tamu zaidi: akandwe kwa mafuta ya moto, kisha alale kitandani wiki kadhaa. Wanaosema haya ni walewale waliotuambia donge halina neno. Kama halina neno, kitanda cha nini? Kama lina neno, mbona wanalikanda? Mimba huongeza ugandaji wa damu, na tumbo linavyokua hukandamiza vena za nyonga. Kumlaza mama ni kuzidi kuituamisha damu. Atembee.

Ya nne inastahili heshima kidogo: sindano za kuzuia damu kuganda zitamdhuru mtoto. Hofu hiyo ina chanzo. Warfarini hupita kondo la nyuma na yaweza kulemaza mimba changa. Heparini, ambayo ndiyo sindano yenyewe, haipiti. Ajabu ni kwamba anayeikataa heparini kwa ajili ya mtoto humpa mama diklofenaki au ibuprofeni, dawa zinazopita. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya ziepukwe kuanzia wiki ya 20, kwa sababu ya figo za mtoto huyohuyo.

Iliyobaki ndiyo yenye nguvu: hakuna ushahidi kwa wajawazito. Jaribio la CALISTO, la watu wapatao 3,000, lilionyesha kuwa fondaparinuksi, nayo dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa siku 45 ilishusha madhara ya donge kutoka asilimia 5.9 hadi 0.9, na wajawazito hawakuhusishwa. Nakubali. Ila kukosekana kwa jaribio hakuthibitishi usalama. Rejista za Denmark zilizochapishwa mwaka 2023 zilikuwa na wanawake 710 waliopata tatizo hili wakiwa wajawazito. Takriban mmoja kati ya kumi alipata baadaye donge la ndani au la mapafu. Kwa wasio nalo, alikuwa mmoja kati ya elfu. Mwongozo wa wataalamu wa damu wa Marekani wa 2018 unapendekeza heparini, huku ukikiri wazi kwamba ushahidi wake ni hafifu. Ukweli wa namna hiyo sijauona upande wa pili.

Donge fupi lililo mbali na kinena, daktari anaweza kuliacha na kulipima tena. Lakini aamue akiwa na majibu ya ultrasaundi. Mama mwenye mshipa wa namna hiyo asingoje kliniki ya mwezi ujao. Na akibanwa na pumzi, kifua kikimchoma au mguu mzima ukivimba, aende hospitali saa hiyohiyo.