Kolirabi Haifungi

Wengi wakiiona kolirabi mara ya kwanza hungoja ifunge kama kabichi. Haifungi. Ni ndugu ya kabichi na sukuma wiki, lakini chakula chake kikubwa kiko katika shina. Shina huvimba juu ya udongo, likawa duara. Si mzizi, basi usilifukie.

Kolirabi hupenda baridi, kama ile ya milima ya Lushoto. Tangu kupanda mbegu hadi kuvuna ni kama miezi miwili. Ikifikia ukubwa wa chungwa dogo, vuna. Ukingoja iwe kubwa kama kabichi, utatafuna kuni, na fedha ya mbegu imepotea!

Jikoni, menya ganda lote kwa kisu. Ni gumu. Ondoa na nyuzi za upande wa chini. Ndani ni nyeupe. Onja kwanza kipande kibichi kwa chumvi. Kina utamu kidogo. Kisha kaanga kitunguu na nyanya, tia kolirabi uliyoikata vipande vidogo, ongeza maji kidogo, funika. Iive, isipondeke.

Majani machanga usiwape mbuzi. Yakatekate, uyapike kama sukuma wiki. Kwa ugali, mimi hupenda majani kuliko shina.